Uzoefu Tutautoa Wapi?

Nyumba yetu ina vijana wawili waliokataliwa kazi wiki moja. Mimi nina shahada, nikaambiwa sina uzoefu. Kaka yangu ana miaka kumi na mmoja gereji, Buguruni, akaambiwa hana cheti. Mama katuangalia, akasema, "Sasa nyie si muungane muwe mtu mmoja?" Tulicheka. Usiku sikulala.

Tangazo nililolijibu lilitaka mtu asiyezidi miaka 28, mwenye uzoefu usiopungua miaka mitano. Piga hesabu. Anayeanza darasa la kwanza na miaka saba, akasoma msingi saba, sekondari sita, chuo mitatu, anatoka na 23. Hapo hakuugua, hakukosa ada, hakukaa nyumbani kusubiri matokeo. Yaani aajiriwe siku ile ile anayovua joho!

Wakubwa zetu wanasema eti tunachagua kazi. Nyinyi mlichagua lini? Mpaka miaka ya 1980 aliyemaliza chuo kikuu alipangiwa kazi na Serikali, na uzoefu akaupatia huko huko, mshahara mfukoni. Alikosea hesabu, bosi akamkaripia, kesho akarudi. Uzoefu wenu huo ni makosa yenu, na kuna mtu aliyalipia. Leo mmekalia kiti kile kile, mnataka mtoto wa mwenzenu aje amekwisha kukosea kwa gharama za baba yake.

Na msiseme haiwezekani. Kwa madaktari inawezekana. Mwanafunzi wa udaktari anasoma miaka mitano, kisha anapelekwa hospitali mwaka mzima wa utarajali, chini ya macho ya waliomtangulia, na posho anapewa. (Ikichelewa, hiyo hadithi nyingine.) Hakuna anayemwambia njoo na wagonjwa uliowajaribia mtaani. Mawakili nao wana ngazi yao, baada ya shahada kuna Shule ya Sheria kwa Vitendo, ila mwaka 2022 kati ya wanafunzi 633 walifaulu 26 tu. Watu wakanyoosheana vidole, shule ama vyuo. Aliyelipa ada pande zote mbili hakuwa na wa kumnyooshea.

Zile nafasi zisizodai uzoefu je? Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70. Waliofika kwenye usaili walipita 10,000, ikabidi wakalishwe majukwaani Uwanja wa Taifa, kama wanaosubiri Simba na Yanga.

Nirudi kwa kaka. Huyu anafungua injini huku anabishana nawe habari za mpira. Alianza kwa kuosha spana na kutumwa chai, mwaka mzima bila senti. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, inao utaratibu wa kumpima fundi wa namna yake, aliyejifunzia kazini, na kumpa cheti. Utaratibu mzuri, nausifu. Lakini siku ya kupimwa ni siku ya kutofanya kazi, na kwetu siku ya kutofanya kazi ni siku ya kutokula. Halafu mwenye gereji, ambaye kila gari sugu humsukumia yeye, hataki hata kumwandikia barua ya kumtambulisha. Akipata cheti si ataondoka?

Mimi nimepata mahali pa "kujitolea", ofisi moja mjini. Hawalipi. Nauli yangu, chakula changu, miezi sita, halafu "tutaona". Mwenye kwao atajitolea hata miaka miwili, na ndiye atakayekuja na uzoefu unaotakiwa kwenye tangazo. Mimi jana nilikwenda gereji kumkopa kaka nauli ya wiki ya kwanza. Kanihesabia noti zina grisi, akauliza huko hasa nakwenda kufanya nini.

"Kutafuta uzoefu."

Akarudi chini ya gari. "Si wangekuja kuuchukua huku," akasema.