Choki siyo ya kufunga na mpira wa tyubu

Najua nimepotea, mitihani ilibana halafu nikaenda likizo. Nimerudi Dar juzi toka nyumbani Hirbadaw, na leo naomba niongelee kitu ambacho mwenzangu wa rumu anakicheka tangu jana: choki ya pikipiki.

Yeye ni wa Temeke, eti hajawahi kuona mtu anavuta choki. Sawa, kwa joto hili pikipiki inawaka kwa teke moja. Aje kwetu mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri. Petroli ikiwa ya baridi haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo choki inaipa injini mafuta mengi zaidi ikilinganishwa na hewa mpaka ipate moto. Ikishapata moto unairudisha. Basi.

Sasa kaka yangu anapiga boda, na choki yake ilikuwa haikai. Ukiachia tu inarudi yenyewe, injini inazima. Dawa aliyopewa na fundi wa senta? Kipande cha tyubu ya baiskeli, anafungia kile kidude cha choki pale kwenye usukani. Na siyo yeye peke yake, nimeona kadhaa wamefunga hivyo hivyo.

Usiku mmoja shemeji akashikwa na uchungu. Kaka kafunga mpira, kawasha, tukatoka kwenda Haydom, mimi nyuma na pikipiki ya jirani. Kwa kiwewe kile kasahau kuufungua. Njiani ikaanza kukohoa, moshi mweusi, puu, kimya. Plagi nyeusi tii na imelowa. Tunaisugua na pembe ya kiberiti gizani, na shemeji kakaa kwenye jiwe anauma kitenge. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, tunashukuru. Lakini lile jiwe sijalisahau.

Ndio maana nasema ule mpira siyo ufundi. Kule kwenye kabureta kuna springi inayovuta waya urudi, na kinachoizuia ni msuguano tu wa kile kidude kwenye usukani. Skrubu yake ikilegea, springi inashinda. Asubuhi yake nilichukua bisibisi nikaikaza kidogo kidogo, mpaka kidude kikakaa pale ninapokiacha lakini bado kinasogea kwa kidole gumba. Kulikuwa na grisi pale kwenye washa, nikaifuta, maana hapo ndipo panapotakiwa kushika. Oili nikaiweka ndani ya ala ya waya, ili uteleze usiwe mzito.

Halafu kitu ambacho wengi wanakiruka: choki ikiwa imerudishwa, waya uwe na ulegevu kama milimita 2 au 3. Ukiukaza sana, choki haifungi kabisa na pikipiki inakunywa mafuta siku nzima. Kata usukani kushoto na kulia injini ikiwa inaunguruma. Mlio ukibadilika, huenda waya unavutwa, ulegeze. Kama nyuzi zimeanza kukatika, nunua mwingine, usijidanganye.

Kazi yote haikufika hata nusu saa. Sasa kwa nini watu wanakaa na mpira miezi? Mimi naona ni hesabu. Mwenye pikipiki anachukua chake kila jioni, mafuta ananunua dereva. Choki ikivujisha petroli, tajiri haimuumi. Na fundi akikukazia skrubu atakudai nini? Kaka alipoona nimemaliza akaniuliza, "Kumbe ndio hivyo tu, mdogo wangu?" Nilitamani kucheka, nikashindwa.

Ule mpira nimekuja nao Dar. Huyu wa Temeke ameshauchukua, anafungia madaftari yake.