Mlima si Adui wa Mwenye Baisikeli

Katika kurasa za gazeti letu tumezoea kusoma habari za michezo: nani ameshinda mbio, nani amefunga bao, nyumba gani imechukua kikombe. Habari hizo ni njema. Lakini leo nataka kuutetea mchezo usio na kikombe wala mshindi, nao ni kusafiri kwa baisikeli polepole, kwa njia ndogo, katika nchi ya vilima. Mfano wangu nitauchukua mbali, katika nchi ya mizabibu ya Bourgogne huko Ufaransa, kwa kuwa huko jambo hili limefikiriwa vizuri na matunda yake yanaonekana kwa macho.

Vijana wengi hudhani kwamba baisikeli ni chombo cha kuachwa mara mtu apatapo fedha za pikipiki au motokaa. Na kama hana budi kuipanda, basi aipande kwa kushindana, apate sifa. Mwaka 2025 mji wa Kigali ulikaribisha mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika Afrika. Ilikuwa fahari kwetu sote kuona vilima vya jirani zetu vikiwatoa jasho mabingwa wa dunia. Hata hivyo, mshindani hana nafasi ya kukitazama kilima. Anatazama mgongo wa mwenzake aliye mbele. Anayekijua kilima ni yule apandaye bila kufukuzwa.

Ubishi huu si wa leo. Mashindano makubwa ya Tour de France yalianza mwaka 1903, na mwanzilishi wake, Henri Desgrange, hakupenda gia za kubadilisha. Kwake yeye gia hizo zilikuwa za watu waliopita umri wa miaka 45; kijana aushinde mlima kwa misuli yake. Ilikuwa mpaka mwaka 1937 ndipo washindani walipopewa ruhusa ya kutumia gia za kuhamisha mnyororo. Upande wa pili alisimama Paul de Vivie, mtu wa Saint-Étienne, ambaye wenzake walimwita Vélocio. Huyu alizaliwa mwaka 1853, akaanzisha gazeti la waendesha baisikeli mwaka 1887, na mpaka kufa kwake mwaka 1930 hakuchoka kueleza kwamba gia si aibu, na kwamba baisikeli imeumbwa kwa ajili ya kuiona nchi. Aliwashauri wasafiri wale kabla ya njaa, wanywe kabla ya kiu, wasichoke hata wakakosa hamu ya chakula, na wasikanyage pedeli kwa ajili ya majivuno. Leo hata bingwa wa Tour de France hawezi kufika mlimani bila gia. Basi ni nani aliyeshinda ubishi ule?

Tena tusifikiri kwamba safari za namna hii zilikuwa za matajiri tu. Mwaka 1936 sheria ya Ufaransa iliwapa wafanyakazi majuma mawili ya likizo yenye mshahara. Watu wengi wa viwandani, ambao hawakuwa wamepata kuiona nchi yao, walifunga mizigo kwenye keria wakaenda kuitazama. Hawakuwa na motokaa. Baisikeli ndiyo iliyowapa nchi yao.

Sasa tuitazame Bourgogne yenyewe. Kutoka mji wa Beaune kwenda kusini mpaka Santenay iko njia ya baisikeli ya kilomita ishirini na kidogo, ipitayo katikati ya mashamba ya mizabibu. Beaune ni mji wa kale, wenye hospitali iliyoanzishwa mwaka 1443 kwa ajili ya maskini, na paa lake la vigae vya rangi ni maarufu mpaka leo. Ukitoka hapo unapita vijiji vya Pommard, Volnay, Meursault na Puligny-Montrachet. Njiani utakutana na trekta za wakulima na waendeshaji wenzako, basi. Njia inapanda kidogo, inashuka kidogo, inapinda ukutani mwa shamba, inaingia kijijini na kutoka tena.

Chini yake, upande wa tambarare, iko barabara kuu ya motokaa. Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila msomaji alikumbuke. Mzabibu ulio bora haupandwi bondeni. Bondeni udongo ni mzito na maji hutuama. Zabibu zake hutoa divai ya kawaida. Zabibu bora hutoka katikati ya mteremko, penye udongo wa chokaa usiotuamisha maji, na panapoelekea jua la asubuhi. Kwa hiyo mwenye motokaa hupita chini akisoma majina mashuhuri kwenye vibao, lakini mashamba yenyewe yako juu yake. Mwenye baisikeli hupita ndani yake. Kila anapobadilisha gia ajue kwamba mteremko umebadilika, na mara nyingi thamani ya shamba imebadilika pamoja nao. Miguu yake inamfundisha somo la jiografia.

Mashamba hayo yamegawanywa vipande vidogo vidogo, zaidi ya elfu moja, na kila kipande kina jina lake na mipaka yake tangu zamani. Vingine vimezungushiwa kuta za mawe. Volnay hutoa divai nyekundu. Meursault, kijiji cha jirani, kinajulikana kwa divai nyeupe. Mwaka 2015 UNESCO iliiandika miteremko hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Mtu aendaye kilomita mia kwa saa atayaonaje hayo? Wahenga walisema, tembea uone. Hawakusema, kimbia uone.

Ukifika Santenay uko karibu na mfereji uitwao Canal du Centre, uliochimbwa karne ya 18 ili mashua ziweze kupita kati ya mito ya Saône na Loire. Kando ya mfereji njia ni tambarare, na hapo miguu hupumzika. Mbele zaidi, kutoka Givry mpaka Cluny, kilomita 44, iko njia nyingine iliyo na historia yake. Hapo palikuwa na reli. Gari la moshi lilipoachwa na reli zikang'olewa, wakubwa wa sehemu ile wangeweza kuacha vichaka viote. Hawakufanya hivyo. Mwaka 1997 waliifungua kuwa njia ya watu waendao kwa miguu na kwa baisikeli, ya kwanza ya aina yake katika Ufaransa. Kusini ya Cluny njia hiyo hupita ndani ya kilima, katika handaki la kale la gari la moshi lenye urefu wa mita 1600 hivi. Wakati wa baridi handaki hufungwa ili popo wapate kulala. Msafiri hana budi kupita njia nyingine.

Lakini namwomba msomaji asiridhike na njia za tambarare peke yake. Reli na mfereji vilijengwa ili kukwepa vilima, na njia iliyorithi mahali pao hukwepa pia. Ni shule nzuri ya mwanafunzi mpya. Akiisha kupata nguvu, na ageuze usukani aelekee kama Brancion, kijiji cha kale chenye ngome juu ya kilima. Katika ramani za Michelin barabara kubwa ni nyekundu, za kadiri ni za manjano, na ndogo kabisa ni nyeupe. Zile zenye mandhari nzuri zina mstari wa kijani kando. Shauri langu ni hili: fuata nyeupe, na ukiona kijani shukuru. Weka gia nyepesi kabla ya mlima kuanza, si katikati yake. Mzigo ukae chini, si juu mgongoni. Ukiteremka, bana breki mara kwa mara, usizishikilie mfululizo. Na mlima ukikushinda, shuka usukume. Hakuna mwamuzi anayekutazama.

Kuhusu divai, Vélocio mwenyewe aliwaonya wasafiri wasiinywe safarini, na sheria ya Ufaransa juu ya ulevi barabarani humshika mwenye baisikeli kama imshikavyo mwenye motokaa. Mtu aweza kulipenda shamba bila kuyamaliza mapipa yake.

Najua liko neno ambalo wengine watanijibu. Watasema: "Hao wazungu hupanda vilima kwa starehe. Kwetu mtu husukuma baisikeli yenye mkungu wa ndizi na madumu ya maji kwa sababu hana njia nyingine." Neno hilo ni kweli, wala silipingi. Lakini tazameni linatuelekeza wapi. Kama mtu wa starehe anastahili njia tulivu isiyo na malori, je, mtu wa ndizi hastahili zaidi? Ubaya haumo katika baisikeli wala katika kilima. Ubaya umo katika kufikiri kwamba barabara ni ya mwenye mashine kubwa, na kwamba wengine wote wamkimbilie majanini. Tukiendelea kumheshimu mwenye haraka peke yake, tutajenga barabara za haraka peke yake, na mwanafunzi aendaye shuleni kwa baisikeli ataendelea kuhatarisha maisha yake kila asubuhi.

Njia tulivu haioti yenyewe kama majani. Ile ya Cluny ipo kwa kuwa watu fulani, waliokaa katika mkutano, walikubaliana kwamba ardhi ya reli isipotee bure. Miongoni mwenu ninyi mnaosoma, wako watakaokuwa mainjinia, wako watakaokuwa madiwani na wapimaji wa ardhi. Na wenzangu tuliomaliza zamani, baadhi yetu tumekwisha kukaa katika viti hivyo. Siku itakapoletwa mezani ramani ya barabara mpya, ulizeni swali moja: mwenye baisikeli atapita wapi? Na kabla ya siku hiyo, kila mmoja aitoe baisikeli yake, atie upepo magurudumu, achague njia ndogo, akapande kilima kilicho karibu na kwao.

Mwanafunzi wa zamani