Nani kasema mama hawezi kulea mtoto wa kiume?

Kuna kauli ambayo kina mama wanaolea peke yao wameichoka: mtoto wa kiume akikosa baba nyumbani, atakuwa legelege. Wanaisikia kwa mawifi, wanaisikia kwenye vikao vya ukoo, wengine hata shuleni kwa walimu. Wiki hii naomba tumtazame Boris Diaw, Mfaransa aliyestaafu mpira wa kikapu mwaka 2018.

Baba yake, Issa Diaw, ni Msenegali aliyekuwa mwanariadha wa kuruka juu. Mama yake, Élisabeth Riffiod, alichezea timu ya taifa ya Ufaransa na klabu ya Clermont, iliyotawala kikapu cha wanawake nchini humo miaka ya 1970. Wazazi waliachana, na Boris, aliyezaliwa mwaka 1982, alilelewa na mama. Hakuwa na haja ya kutafuta bingwa wa kumwiga mbali. Alikuwa humo humo ndani.

Nakubali, Riffiod si mama wa kawaida. Lakini wanaosema mtoto wa kiume huharibika mikononi mwa mama hawazungumzii medali wala kipato. Wanazungumzia mwanamke.

Mwaka 2003 kijana alitoka klabu ya Pau-Orthez kwenda Atlanta, ligi ya NBA, Marekani. Hakung'aa, na baada ya misimu 2 akapelekwa Phoenix. Huko senta wao, Amar'e Stoudemire, aliumia, Boris akawekwa katikati apambane na majitu marefu kuliko yeye. Msimu ulipokwisha, 2006, akapewa tuzo ya mchezaji aliyepiga hatua kubwa zaidi katika ligi. Na sifa yake kuu haikuwa kufunga, ilikuwa pasi. Siku hizi mtoto akirudi kutoka uwanjani tunamuuliza amefunga ngapi. Amempa nani mpira, hakuna anayeuliza.

Kisha likaja suala la mwili. Unene wake ukawa mzaha wa mashabiki, na Machi 2012 timu ya Charlotte ikaachana naye. Msimu ule Charlotte walishinda mechi 7 na kupoteza 59. Hebu fikiria, mama mwenzangu, kuachwa na timu inayofungwa namna hiyo! Wangapi wangerudi nyumbani wakajifungia chumbani?

San Antonio wakamchukua. Alikuwepo Tony Parker, rafiki yake tangu walipokuwa pamoja INSEP, chuo cha michezo cha taifa jijini Paris. Mwaka 2013 Boris, akiwa nahodha, aliinua kombe la Ulaya, la kwanza kwa wanaume wa Ufaransa. Mwaka uliofuata, katika fainali ya NBA dhidi ya Miami, kocha Gregg Popovich alianza kumpanga kikosi cha kwanza kuanzia mechi ya 3. San Antonio wakatwaa ubingwa kwa mechi 4 kwa 1, na zile pasi za yule "mnene" ziliwachosha Miami kweli kweli.

Jina lake kamili ni Boris Babacar Diaw-Riffiod, la baba na la mama kwa pamoja. Mama hakumlea mwanawe amchukie baba. Taasisi aliyoianzisha kusaidia watoto kwa njia ya michezo inaitwa Babac'ards, kutokana na hilo jina Babacar, na imefanya kazi Senegal, nchi ya baba yake.