Dawa ya Masizi

Nianze kwa kukiri kosa langu, maana mwalimu anayesahihisha madaftari ya wenzake huku lake limejaa alama nyekundu hastahili kusikilizwa. Katika muda usiotimia mwaka mmoja nilinunua chupa sita za ile dawa inayomiminwa katika tangi la petroli, ambayo husemekana huyeyusha masizi yote ndani ya injini na kulirudishia gari nguvu za ujana wake. Ya kwanza niliuziwa na kijana mmoja katika kituo cha mafuta. "Shikamoo mzee. Gari linatetemeka hili. Kaboni tu hiyo, mzee wangu, weka hii utanikumbuka." Nikaweka, na kweli ninamkumbuka. Zile tano zilizofuata sikushawishiwa na mtu. Nilizinunua kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu na pensheni ndogo.

Sisemi kwamba dawa hizi ni maji matupu yaliyotiwa rangi. Wapo wasemao hivyo, nao wamekosea. Zilizo bora zina kemikali iitwayo polietheramini, ambayo hustahimili joto kali na hubandua uchafu kwenye nozeli na, katika injini za kawaida, mgongoni mwa valvu za kuingizia hewa. Huko Marekani sheria imelazimisha tangu Januari 1995 kwamba petroli ya magari iwe imetiwa sabuni ya kuzuia uchafu kabla ya kumfikia mnunuzi. Kwa hiyo jambo lenyewe si uzushi. Ugomvi wangu ni na tabia ya kuifanya chupa kuwa jibu kabla swali halijaulizwa.

Maana masizi hayaanguki kutoka mbinguni. Petroli ni mchanganyiko wa haidrojeni na kaboni. Ikipata hewa ya kutosha na cheche nzuri huungua sawasawa, na karibu kaboni yote hutoka kwa bomba la moshi ikiwa gesi. Inapoungua nusunusu ndipo kaboni hubaki, ikagandamana juu ya pistoni na valvu kama ukoko chini ya sufuria ya wali, ijapokuwa ukoko huu hakuna mtoto anayeugombea. Chujio la hewa likiziba, hewa hupungua. Nozeli ikivuja, mafuta huzidi. Plagi ikichoka, cheche hufifia. Mwenye gari akilitumia kwenda sokoni tu na kurudi, injini haipati joto la kuunguza uchafu wake. Ringi zikilika, oili hupanda kutoka chini. Sili za valvu zikikauka, oili hushuka kutoka juu, nayo huungua vibaya kuliko petroli. Tena pana mafuta yaliyochakachuliwa. Sisi wa Tanzania hatujasahau jinsi mafuta ya taa yalivyokuwa yakichanganywa na dizeli na petroli kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo, hata mwaka 2011 serikali ikaipandisha kodi hiyo ili faida ya wachakachuaji itoweke. Sasa niambie, msomaji, ni chupa ipi itakayozuia nozeli mbovu isivuje? Ni ipi itakayoirudishia ringi chuma iliyopoteza?

Mambo haya sikuyapata vitabuni. Nilifundishwa na dereva wa chuo cha ualimu nilichokuwa mkuu wake. Mzee yule hakuvuka darasa la nne, lakini Land Rover ya chuo aliitunza kama yai. Kila baada ya miezi michache alizifungua plagi zote nne, akazipanga juu ya gazeti kwa mfuatano wa silinda, kisha akaniita: "Mkuu, njoo uone ripoti ya muhula." Kahawia hafifu, kama chai ya maziwa: amefaulu. Nyeusi na kavu kama vumbi la mkaa: mafuta yamezidi hewa. Nyeusi yenye majimaji ya kunata: oili inaingia. Nyeupe kama chokaa: joto limezidi, angalia upesi. Alipoona weusi hakukimbilia kusugua. Alitafuta kwanza ulikotoka, akatengeneza hapo, ndipo akafungua silinda hedi na kuukwangua ukoko kwa kipande cha mti mgumu, asije akachubua aluminiamu ya pistoni.

Vijana wa gereji huniambia hayo ni mambo ya enzi za kabureta. Basi tuzitazame injini za baadaye. Mwaka 1996 Mitsubishi kwa Galant yake, na Toyota kwa injini walizoziita D-4, walianza kuuza Japani magari ya petroli ambayo nozeli zake humwaga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Magari ya jamii hiyo yakatufikia huku yakiwa yamekwisha kutumika, na sidhani kama yupo fundi asiyelijua jina la D4. Katika injini hizo petroli haipiti kabisa mgongoni mwa valvu za kuingizia hewa. Kinachopita hapo ni hewa, mvuke wa oili, na moshi uliorudishwa ndani, navyo huacha ukoko ambao hakuna tone la petroli la kuuosha. Dawa iliyo tangini husafiri pamoja na petroli. Petroli isipofika mahali, dawa itafikaje? Ukoko wa namna hiyo hutolewa kwa kufungua njia ya hewa na kuukwangua, au kuupiga kwa upepo uliochanganywa na maganda ya jozi yaliyosagwa. Tangu mwaka 2005 Toyota wenyewe wametoa injini zenye nozeli mbili kwa kila silinda, moja ndani na nyingine katika njia ya hewa. Lakini kituoni kwetu mwenye nozeli ya ndani huuziwa chupa ileile, kwa maneno yaleyale.

Historia peke yake ingetosha kututia hadhari. Mwaka 1921 Mmarekani Thomas Midgley aligundua kwamba risasi ikitiwa katika petroli huzuia injini kugonga. Dawa hiyo ikaacha ukoko wake wa risasi kwenye plagi na valvu, ikabidi itiwe dawa ya pili ya kuiondoa ya kwanza. Sumu yake tukaivuta sisi na watoto wetu. Nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, mwaka 2021. Miaka mia moja kamili!

Narudi kwenye gari langu. Lilikuwa linakula oili, nami nilijua, kwa sababu kila juma niliongeza nusu lita. Sikufungua plagi hata moja, mimi niliyesomewa ripoti za muhula miaka yote ile. Chupa ya sita iliposhindwa, fundi mmoja akanishauri dawa kali zaidi, ya kutiwa ndani ya oili yenyewe. Injini huachwa iungurume dakika 10, kisha oili humwagwa. Ikatoka kama uji mweusi, akanionyesha kwa fahari. Sampu hakuifungua. Matope yaliyobanduka bila kumwagika yakaziba wavu mdogo ambao pampu hunyonyea oili. Siku ya tatu, nikimpeleka dada yangu kliniki, taa nyekundu ya oili ikawaka tukiwa katikati ya mlima, injini ikaanza kugonga. Dada yangu alimaliza safari juu ya pikipiki, na umri wake ni miaka 78. Beringi za krenki zilikwisha. Sili 16 za valvu, ambazo ndizo zilizokuwa ugonjwa tangu mwanzo, bei yake yote haikufikia bei ya chupa tatu.

Fedha imekwenda, basi. Linaloniuma zaidi ni kwamba aliyemimina dawa ile alikuwa mwanagenzi wa miaka kama 16, mikono mitupu, uso juu ya mdomo wa kopo. Marekani mwaka 2024 ilipiga marufuku matumizi mengi ya methilini kloridi, kiyeyusho kilichotiwa miaka mingi katika dawa za kusafishia kabureta, kwa kuwa mvuke wake umeua wafanyakazi. Kopo la kijana wetu lilikuwa na maonyo yake, kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza: usivute mvuke, vaa glavu, usitumie mahali pasipo hewa. Bango la kuisifia dawa hiyo, lililotundikwa getini, lilikuwa la Kiswahili safi na refu kuliko mtu. Wanaoiagiza wanakijua Kiswahili wakati wa kuuza.

Nilipokwenda kulichukua gari nilimwuliza yule kijana kama alisoma maandishi ya kopo. "Hapana mwalimu, sisi tunaangalia picha." Picha ilikuwa ya gari jekundu linalokimbia. Tukakaa juu ya tairi, nikamsomea kopo zima kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Alisikiliza hadi mwisho, akatazama vidole vyake, kisha akainuka akaenda bombani kunawa.