Vitamini E: Ya kwenye sahani inatosha, ya kwenye kopo ina masharti

Katika maduka mengi ya vipodozi Dar es Salaam na Nairobi, kapsuli za vitamini E zinauzwa kama njugu. Wapo wanaozimeza kila siku, na wapo wanaozitoboa kwa sindano na kujipaka usoni ili makovu na madoa yaishe. Swali ni je, mwili unazihitaji kweli?

Vitamini hii iligunduliwa mwaka 1922 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, Herbert Evans na Katharine Bishop. Kazi yake kubwa ni kulinda kuta za seli zisiharibiwe na kemikali zinazozalishwa mwili unapotumia oksijeni. Pia inasaidia kinga ya mwili.

Mtu mzima anahitaji miligramu 15 tu kwa siku. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya alizeti kinatoa karibu 5. Ukiongeza karanga, parachichi na mchicha, hesabu inakaribia kutimia. Upungufu wake ni nadra. Huwapata zaidi watoto njiti na wenye maradhi yanayozuia mwili kufyonza mafuta.

Shida inaanzia kwenye kipimo. Kapsuli nyingi za dukani zina uniti 400, yaani zaidi ya mara 10 ya mahitaji ya siku. Utafiti uitwao SELECT uliwafuatilia wanaume zaidi ya 35,000 wa Marekani, Kanada na Puerto Rico. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kuwa waliopewa kipimo hicho kila siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, dozi kubwa inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu.

Na kujipaka je? Utafiti mdogo wa Miami, uliochapishwa 1999, uliwahusisha wagonjwa 15 wenye makovu ya upasuaji. Vitamini E haikuboresha makovu yao, na thuluthi yao walipata mzio wa ngozi.

Hii haina maana kwamba vitamini E ni mbaya. Wapo wagonjwa wanaoandikiwa na daktari, kwa kipimo na kwa sababu. Kwa wengine, pesa ya kopo ikienda kwenye karanga na mboga itafanya kazi ileile, tena bila hatari.