Safari ya Kurudi Nayo Iandaliwe



Safari ya kwenda likizo huandaliwa na nyumba nzima. Mama hukaanga maandazi, baba hupeleka gari kwa fundi, na watoto hawalali usiku. Safari ya kurudi haina mwenyewe. Watu wamechoka, fedha zimekwisha, na kila mmoja anawaza kazi na shule ya kesho. Ndipo mwendo unapozidi na tahadhari inapopungua. Mwezi huu tumeona vema tuizungumzie, hasa kwa familia zinazosafiri kwa gari katika nchi za theluji. Nanyi mlio nyumbani Afrika Mashariki, wengi wenu mnao watoto na wadogo zenu huku. Wapelekeeni maneno haya.

Sisi tunaishi Minneapolis, kaskazini mwa Marekani. Krismasi moja tulikwenda kwa ndugu zetu Dallas, Texas. Kati ya miji hiyo ni karibu kilomita 1,500, kwa barabara kuu namba 35 inayopita Oklahoma, Kansas, Missouri na Iowa. Unaondoka Dallas na sweta jepesi; kesho yake uko Iowa katikati ya theluji.

Jioni ya siku ya pili tulifika Des Moines. Upepo ulikuwa ukipeperusha theluji kutoka mashambani hadi mistari ya barabara haionekani. Baba watoto alitakiwa kazini saa kumi na mbili asubuhi, na kazi yenyewe ni ya kulipwa kwa saa, asiyekwenda halipwi. Tukapiga 511, namba ya taarifa za barabara, tukaambiwa mbele ni barafu.

"Mama watoto, zimebaki saa nne tu," akasema.

"Saa nne ni za barabara kavu, baba. Za barafu nani anazijua?"

Alinyamaza, akawatazama watoto waliolala nyuma, kisha akatoka barabara kuu kutafuta moteli. Fedha zilikwenda, mshahara wa siku ukapotea, na mwezi ule tulikula maharage mara nyingi. Asubuhi magari ya kusukuma theluji yalikuwa yamekwisha kupita. Kabla ya kuingia Minnesota tulihesabu magari matatu yaliyotumbukia mtaroni.

Akina mama, mara nyingi ni sisi tunaoweza kutamka "tulale hapa" bila baba kujiona ameshindwa. Tulitamke mapema, kwa upole, watoto wasisikie ugomvi. Na ili neno hilo liwezekane, fedha ya kulala usiku mmoja iwekwe kando kabla ya kuondoka nyumbani, isiguswe hata kwa zawadi.

Yapo na mengine ya kushika:

Mablanketi, kofia, glavu, maji, chakula kikavu, tochi na koleo vikae mahali pa kufikika, si chini ya masanduku. Tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu.

Mtoto asifungwe mkanda wa kiti chake juu ya jaketi nene. Gari likigonga, jaketi hubonyea, mkanda ukalegea, naye akachomoka. Mfunge kwanza akiwa na nguo za kawaida, kisha mfunike blanketi juu.

Gari likikwama kwenye dhoruba, msitoke kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Gari huonekana upesi kuliko mtu. Kabla ya kuwasha injini, ondoeni theluji kwenye bomba la moshi. Likiziba, hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi huingia ndani, nayo haina rangi wala harufu. Washeni kama dakika kumi kila saa, na dirisha la upande usio na upepo liwe wazi kidogo. Mkisikia kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu, zimeni injini na mpate hewa safi mara moja.

Mtu aliyeshikwa na baridi kali hutetemeka, mikono haishiki kitu, maneno humvurugika. Akiacha kutetemeka huku akisinzia, hali imezidi kuwa mbaya. Mtoto mchanga huenda asitetemeke kabisa; hulegea na ngozi yake huwa baridi. Pigeni simu ya dharura. Mvueni nguo zilizolowa, mpasheni joto kifuani na shingoni, hata kwa kumkumbatia ndani ya blanketi. Aliye na fahamu apewe kinywaji cha moto. Pombe asipewe kamwe.

Tuombe kabla ya kuondoka, na tukiisha kuomba tupige na simu kuulizia barabara. Kazini watatusubiri siku moja. Watoto wetu tunataka tuwafikishe wote.

Mungu awalinde njiani.