Goti la Mtoto na Karatasi ya Maabara



Mtoto wa miaka minne huamka alfajiri akichechemea, na kufika adhuhuri akawa uani akikimbia na wenziwe. Chuoni, akiambiwa akunje miguu mkekani, hunyoosha mmoja. Goti limevimba, wala halilii. Husemwa kuwa alianguka, likakandwa mafuta, wiki zikapita.

Kiungo kikivimba wiki 6 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miaka 16, pasipo sababu nyingine, madaktari huita maradhi hayo baridi yabisi ya watoto. Naam, tumezoea kudhani ni ya wazee peke yao.

Karatasi ya maabara ndipo inapotupoteza wengi wetu. Damu hupimwa kingamwili, hao askari wa mwili ambao pengine huugeukia mwili wenyewe. Kipimo cha fakta ya rumatoidi kikirudi hasi, mzazi hushukuru akarejea nyumbani. Kumbe huwa chanya kwa takriban watoto 5 tu katika kila 100 wenye maradhi haya! Kingamwili nyingine, ziandikwazo ANA, huonekana hata kwa watoto wasio na ugonjwa wowote.

Wala hizo ANA hazitwambii maradhi yamewaka kiasi gani wiki hii. Hilo daktari hulijua kwa kuhesabu viungo vilivyovimba, kuuliza ukakamavu wa asubuhi hudumu muda gani, kumsikiliza mama, na kutazama vipimo vingine vya damu vionyeshavyo uvimbe, kama ESR na CRP.

Basi ANA ina kazi gani? Yatuonya juu ya macho. Mtoto mwenye baridi yabisi ambaye ANA yake ni chanya, hasa akiugua kabla ya kutimiza miaka 7, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata uvimbe ndani ya jicho. Aghalabu jicho haliwi jekundu wala haliumi, ilhali nuru yapotea kidogo kidogo. Mtoto huyo huchunguzwa na daktari wa macho kwa darubini maalumu kila miezi 3, hata goti likiwa limetulia. Twajua uzito wa nauli, na ugumu wa kumpeleka hospitali mtoto anayecheka.

Karatasi yenye ANA isitupwe. Iwekwe pamoja na kadi ya kliniki, na tarehe ya macho iandikwe juu yake.